Harold Storey, mtafiti wa Amani aliyeupigania muhogo

Mkulima wa Kibondo au Kasulu anaijua hasara hii: shamba la muhogo limestawi, majani ni ya kijani, lakini siku ya kuvuna, ukikata muhogo unakuta ndani umekuwa kahawia na mkavu kama gome. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mtu wa kwanza kuueleza kitaalamu, mwaka 1936, alikuwa Harold Haydon Storey.

Storey alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1894. Alianzia Afrika Kusini, akichunguza ugonjwa wa milia ya mahindi. Mwaka 1928 alihamia kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, Tanga.

Huko aligundua jambo lililowashangaza wanasayansi. Wadudu wadogo wanaoeneza milia hawafanani: wengine hueneza virusi, wengine hawawezi kabisa, na uwezo huo wanaurithi kutoka kwa wazazi wao. Kama mdudu hurithi uwezo wa kueneza ugonjwa, je, mmea nao hauwezi kurithi uwezo wa kuukataa?

Storey na mwenzake, R.F.W. Nichols, walitafuta jibu kwenye muhogo, uliokuwa ukiliwa pia na batobato, ugonjwa unaoenezwa na inzi weupe na kwa kupanda pingili zenye ugonjwa. Mihogo ya kawaida haikuwa na kinga ya kutosha. Nichols akauchavusha muhogo na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará kutoka Brazili. Watoto wa kwanza walikuwa na kinga lakini mizizi yao haikufaa kwa chakula, hivyo wakarudishwa kuchavushwa na muhogo tena na tena. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

Mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950, na kutoka huko zikazaa aina nyingi za muhogo zinazolimwa Afrika leo. Storey alifariki mwaka 1969, kabla ya kuona mwisho wa safari hiyo.

Mwaka 2016, watafiti waliosoma vinasaba vya muhogo walikuta vipande vya ule mti wa mpira bado vimo ndani ya mihogo ya Afrika. Taarifa hizo ziko wazi kwa watafiti wa nchi zote. Sasa mtafiti anaweza kupima kipande cha jani la mche mchanga na kukadiria utakuwaje, bila kusubiri mavuno kila mara.

Kwetu sisi wakulima, somo lake halijabadilika: kinga huanzia kwenye mbegu. Kabla ya kuomba pingili kwa jirani, ng'oa shina moja, kata muhogo wake, utazame ndani. Majani mazuri peke yake si ushahidi.