Karen Blixen: nyumba yauzwa, wakaaji wa shamba waende wapi?

Mwaka wa 1931, karibu na Nairobi inchini Kenya, shamba kubwa la kahawa liliuzwa pamoja na nyumba yake ya mawe, inayotazama milima ya Ngong. Aliyepaswa kufunga mlango na kuondoka ni Karen Blixen, mwanamke wa Denmark, mwenye umri wa miaka 46.

Karen alizaliwa mwaka wa 1885. Mwezi wa kwanza 1914 alifika Mombasa na kuolewa hapo na Bror von Blixen, wa ukoo mkubwa wa Uswidi. Kwa pesa za jamaa yake walianzisha kampani ya kahawa. Mwaka wa 1917 walihamia katika nyumba hiyo, iliyojengwa mwaka wa 1912 na injinia Åke Sjögren.

Shamba lilikuwa na hektare karibu 2.400, lakini kahawa ilipandwa kwenye hektare 240 hivi tu. Kule ni juu sana na mvua ilikuwa haitoshi. Kiwanda cha kahawa kiliungua mwaka wa 1923. Ndoa nayo ilivunjika, Karen akabaki akisimamia shamba peke yake, na madeni yakiongezeka.

Kwenye ardhi hiyo waliishi pia familia nyingi za Wakikuyu. Utawala wa Uingereza ulikuwa umewagawia wazungu ardhi hiyo. Kwa sheria ya mwaka wa 1918, mwenyeji aliyetaka kubaki na kulima kipande chake alipaswa kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka.

Kampani iliposhindwa, mnunuzi alitaka kukata shamba kuwa viwanja vya kujenga nyumba. Wakikuyu waliambiwa waondoke. Wao waliomba jambo moja: wasitawanywe. Katika miezi hiyo, Karen alimpoteza rafiki yake Denys Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege huko Voi, tarehe 14 mwezi wa tano. Hata hivyo aliendelea kuzunguka katika ofisi za serikali, mpaka ikakubali kuwapa watu hao sehemu ya msitu wa Dagoretti wakae pamoja.

Walipata pa kukaa, lakini ardhi yao ya zamani haikurudi.

Karen alirudi kwao bila pesa, akaandika. Kitabu chake juu ya shamba hilo kilitoka mwaka wa 1937 na kumpa sifa duniani. Alifariki tarehe 7 mwezi wa tisa 1962.

Mwaka wa 1964 serikali ya Denmark ilinunua nyumba ile na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru. Ilitengenezwa upya, na tangu mwaka wa 1986 ni makumbusho. Shamba lenyewe limekuwa mtaa wa Karen, ambako leo kiwanja kimoja ni mali ya matajiri.