Luigi Broglio, mzee aliyeirusha 'Uhuru' kutoka bahari yetu

Kijana wa Mbwajumali akisikia habari za vyombo vya kuchunguza nyota, hudhani ni mambo ya Wamarekani tu. Lakini ukitoka huko kwa jahazi, ukaipita Lamu na Kipini ukielekea kusini, unaingia Ghuba ya Ungwana. Ng'ambo ya ghuba, nje ya Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama majini. Aliyeyaleta ni Mwitaliano, Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alikuwa profesa wa uhandisi na afisa wa jeshi la anga. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na NASA: Marekani itoe roketi na mafunzo, Waitaliano waunde setilaiti na kuzirusha wenyewe. Ya kwanza waliirushia Marekani mwaka 1964. Ya pili, Aprili 1967, iliondokea hapa kwetu.

Kwa nini hapa? Kwa sababu ni karibu na ikweta. Hapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Faida ilionekana 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Siku hiyo ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike chini. Ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi na wenzake walibuni vifaa vyake, Marjorie Townsend wa NASA akasimamia mradi, kikosi cha Broglio kikairusha. Ilitambua vyanzo 339 vya eksirei, na ikasaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi.

Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Broglio alikuwa ameshafariki, Januari 2001. Kituo cha Malindi kina jina lake.

Mzee huyu hakugundua nyota hata moja. Mchango wake ulikuwa mahali pa kurushia na watu wanaojua kurusha. Basi milango ni mingi: kubuni, kuunda, kurusha, kuchambua.

Uhuru ilibeba jina letu, ila data zake zilichambuliwa Marekani. Leo mwanasayansi wa nchi yoyote anaweza kuomba muda wa kutumia darubini ya James Webb, na data zake hatimaye hufunguliwa kwa wote. Kwa hiyo wewe wa Mbwajumali, hesabu na fizikia usiziache.