Hauge, Mhubiri Aliyefuma Soksi Njiani

Wenzangu, kila muhula hosteli kwetu unazuka ubishi uleule: mtumishi wa Mungu afanye biashara, au akae na Biblia yake tu asubiri sadaka? Safari hii nawaletea habari za mkulima mmoja wa Norway aliyesota gerezani kwa sababu alishika vyote viwili.

Hans Nielsen Hauge alizaliwa 1771 katika shamba la wazazi wake huko Rolvsøy, kusini-mashariki mwa Norway. Chuo hakukiona. Alijua useremala, uhunzi na kufuga nyuki. Tarehe 5 Aprili 1796, akiwa analima huku akiimba wimbo wa dini, moyo wake ulijaa furaha asiyoielewa, akaona ameitwa kuwahubiria wenzake.

Shida ilikuwa sheria. Norway ilitawaliwa na mfalme wa Denmark, na tangu 1741 mtu asiye mchungaji hakuruhusiwa kuitisha ibada bila idhini ya mchungaji wa mahali. Hauge hakujali. Alizunguka nchi kwa miguu, na huku anatembea anafuma soksi na glavu za sufu, mikono isikae bure. Alikamatwa mara kadhaa, akiachiwa anaendelea na safari.

Sasa sikilizeni jambo linalonivutia mimi. Akifika kijijini, mahubiri yakiisha, jamaa anaanza kuulizia mto, msitu na bandari: hapa panaweza kufanyika kazi gani? Mwaka 1801 alipata leseni ya ufanyabiashara Bergen, akawa anapeleka nafaka kaskazini na kurudi na samaki. Kule Eiker, yeye na wenzake walianzisha kinu cha karatasi. Wafuasi wake walipata mikopo na ushauri, wakafungua vinu na maduka yao. Kwake faida ilikuwa mali ya Mungu, yeye msimamizi tu. Kuila peke yako ni dhambi, kuiacha ilale bila kazi nayo ni dhambi.

Wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba anakusanya fedha za maskini kwenye sanduku la siri. Tuseme ukweli, swali la sanduku ni halali. Hata sisi tunawauliza viongozi wetu kila mwisho wa muhula. Ila nadhani kilichowauma zaidi ni kuona wakulima wana fedha na hawaombi ruhusa. Oktoba 1804 alikamatwa Eiker, akafungwa Christiania, jiji tunaloliita Oslo leo. Mali yake ikauzwa.

Halafu vita vikaja. Meli za Uingereza zikaziba bahari, chumvi ikaadimika, na bila chumvi samaki wanaoza. Mwaka 1809 serikali ilimtoa mfungwa wake ili akaanzishe viwanda vya kuchemsha maji ya bahari kupata chumvi. Akaenda, akavianzisha. Kazi ilipokwisha wakamrudisha ndani!

Aliachiwa 1811, afya imeharibika. Wizi haukuthibitika. Hukumu ya mwisho, 1814, ilikuwa faini kwa kuhubiri kinyume cha sheria na kuwasema vibaya wachungaji. Mwaka huohuo, kwenye bunge la Eidsvoll lililoandika katiba ya Norway, walikuwemo wafuasi wake.

Alifariki 1824 kwenye shamba lake la Bredtvet, ana miaka 52. Sheria ile ilifutwa 1842.