Joginder Singh: Fundi Aliyeijua Injini

Joginder Singh alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932 katika familia ya Makalasinga. Neno hilo, ambalo husemekana limetokana na jina la mfanyabiashara Kala Singh, ni mfano mzuri wa jina la mtu mmoja kugeuka kuwa jina la jamii nzima. Alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake kabla ya kuwa dereva wa mashindano, na mpangilio huo waeleza mengi juu ya maisha yake.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa mtihani wa injini kabla ya kuwa mtihani wa dereva. Kila mshindani alitamani injini izunguke kwa kasi zaidi, maana humo hupatikana nguvu. Hata hivyo, mizunguko ikiongezeka maradufu, mvuto unaoikabili konrodi huongezeka mara nne. Springi zikiwa dhaifu, valvu huchelewa kufunga na huweza kugongwa na pistoni. Oili isipofika kwenye beringi kwa shinikizo la kutosha, krankshafti huungua. Kwa hiyo fundi makini husawazisha kwanza uzito wa pistoni na konrodi, akaweka springi ngumu zaidi, akahakikisha oili inafika, ndipo aguse kabureta. Hata leo katika gereji za Kamenu, Thika, anayeanzia kwenye kabureta huishia kutafuta injini nyingine.

Mwaka 1965, Kenya ikiwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru, Joginder na nduguye Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Injini yake ya lita 1.8 ilikuwa na krankshafti iliyoshikwa na beringi kuu tano, ilhali nyingi za silinda nne wakati huo zilikuwa na tatu. Shafti ya namna hiyo haipindiki kwa urahisi kasi inapopanda. Gari hilo kuukuu liliyashinda magari mapya ya viwanda vya Ulaya.

Mwaka 1974, mwaka ambao kiwanda cha kuunganisha magari cha Thika kilianzishwa, alishinda tena pamoja na David Doig kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, akimtangulia Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche yenye injini kubwa zaidi. Walirudia ushindi huo mwaka 1976, na Joginder akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013. Ushindi wake ndio unaokumbukwa zaidi, lakini hesabu nyingine ina uzito kuupita: kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19.