Alimaliza ualimu vita vikiisha

Nyerere unamjua kama rais wa kwanza wa Tanzania. Sasa mfikirie akiwa kijana wa miaka 23, anatoka Makerere mwaka wa 1945 na cheti cha ualimu, Vita vya Pili vya Dunia vikiisha. Makerere yenyewe haikuwa hata chuo kikuu bado.

Akafundisha St Mary's, Tabora, kisha akaenda Edinburgh na kurudi na digrii mwaka wa 1952. Hapo wengi wetu tungetulia tule mshahara. Jamaa akawa anafundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, huku anaongoza TANU. Mwaka wa 1955 akatakiwa achague: darasa ama siasa.

Alikuwa ameoa juzi tu. Akaacha kazi, akarudi kwao Butiama bila mshahara. Watu waliendelea tu kumwita Mwalimu.