Capablanca: Bingwa wa dunia aliyejifunza chesi kwa kutazama tu

Kama wewe ni mmoja wa wale walioganda kwenye simu Desemba 2024, kuanzia saa sita mchana, wakifuatilia Ding Liren wa China na Gukesh Dommaraju wa India wakipigania taji la dunia la chesi kule Singapore, basi maneno ya mtaa unayajua. Kwenye baze pale Kaptembwo wenzako walitaka kuelezwa huu ni mchezo gani ambao watu wawili wamevaa suti, wameshika tama saa nne nzima, na hakuna anayefunga bao. Wengine walikuambia unamaliza bando bure. Mpira angalau una mkeka.

Leo tunakupa jina la kuwajibu nalo: José Raúl Capablanca. Huyu jamaa alifariki zaidi ya miaka 80 iliyopita, lakini ukitaja wachezaji bora wa chesi wa nyakati zote, humwachi nje. Na safari yake yote ilianza kwa kitu hichohicho unachochekewa: kukaa pembeni na kutazama.

Alizaliwa Novemba 19, 1888, jijini Havana, Cuba, wakati kisiwa hicho bado kilikuwa koloni la Uhispania. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Kwa simulizi ya Capablanca mwenyewe, alikuwa na miaka minne alipoingia chumbani akamkuta baba akicheza chesi na afisa mwenzake. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemweleza lolote. Mtoto akakaa kando, akatazama. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu baba akamsogeza farasi kutoka mraba mweupe hadi mraba mweupe mwingine.

Kama unaucheza mchezo huu, tayari umeshtuka. Farasi akitoka kwenye mweupe lazima atue kwenye mweusi, hakuna njia nyingine. Mpinzani hakuona na baba akashinda. Mtoto akaangua kicheko, akamwambia baba yake kwamba ameiba. Mzee alikasirika, karibu amfukuze chumbani. Dogo akaonyesha kosa lilikuwa wapi, kisha akaketi na kumshinda baba yake.

Sasa tulia hapo kidogo. Wangapi tunatazama mechi siku tatu na hatuwezi kueleza hata hatua moja ilichezwa kwa nini? Pale kwenye drafti ya vizibo vya soda, wachezaji huwa wawili na makocha wanane. Wote wanapiga kelele, lakini anayetazama kweli pengine ni mmoja tu. Capablanca alikuwa huyo mmoja.

Mwaka 1901, akiwa ndio anatimiza miaka 13, alicheza na Juan Corzo, bingwa wa Cuba. Akamshinda michezo minne kwa mitatu, sita ikaisha sare. Baadaye akapelekwa Marekani kusoma, na mwaka 1906 akafaulu kuingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea uhandisi wa kemikali. Mfadhili aliyemlipia karo alitaka mhandisi. Kijana naye alikuwa akishinda Manhattan Chess Club, klabu maarufu ya chesi jijini humo. Ufadhili ukakatika, na chuo akakiacha bila shahada. Wazazi wengi wa Nakuru wangekuambia hapo maisha yameharibika.

Ila mwaka huohuo wa 1906, katika mashindano ya michezo ya kasi pale klabuni, alikuwa tayari amemaliza mbele ya Emanuel Lasker wa Ujerumani, bingwa wa dunia. Mwaka 1909 akakutana na Frank Marshall, mkali wa Marekani, akamlaza michezo minane kwa mmoja. Mwaka 1911 akaalikwa San Sebastián, Uhispania, mashindano ya vigogo watupu. Baadhi ya vigogo hao walilalamika kwamba huyu mgeni hana rekodi ya kutosha kuketi nao. Ossip Bernstein alikuwa miongoni mwa waliopinga. Ratiba ikampanga Bernstein huyohuyo na Capablanca katika raundi ya kwanza. Bernstein akachapwa, na mgeni akaondoka na kombe.

Mwaka 1913 serikali ya Cuba ilimpa kazi katika wizara ya mambo ya nje. Kazi yake kubwa, tuseme ukweli, ilikuwa kuzunguka dunia akiwa Capablanca. Popote alipofika, nchi yake ilisikika.

Halafu zikaja takwimu zinazotisha hadi leo. Kati ya Februari 1916 na Machi 1924 hakupoteza mchezo hata mmoja wa mashindano. Miaka minane! Ndani ya kipindi hicho, mwaka 1921, alikutana na Lasker mjini Havana kuwania taji la dunia. Lasker alikuwa amelishikilia tangu 1894. Capablanca alishinda michezo minne, sare zikawa 10, na hakushindwa hata mmoja. Mwaka uliofuata, mjini Cleveland, Marekani, alicheza na watu 103 kwa mpigo, akihama kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Aliwashinda 102, mmoja akaambulia sare. Watu wakaanza kumwita mashine ya chesi.

Ukitaka kujua ushabiki wa enzi hizo, usidhani wewe ndiye wa kwanza kukosa usingizi kwa ajili ya ubao. Mwishoni mwa 1925 kulikuwa na mashindano makubwa Moscow, na mji mzima ukapagawa. Palitengenezwa hata filamu fupi ya kuchekesha, isiyo na sauti, kuhusu kijana aliyelewa chesi hadi akasahau siku ya harusi yake. Capablanca mwenyewe anaonekana ndani yake, akijiigiza. Katika mashindano yenyewe alimaliza wa tatu. Na siku moja ya mapumziko alikwenda Leningrad kucheza na kundi la wapenzi wa mchezo huo kwa mpigo. Kwenye ubao mmojawapo aliketi mvulana wa miaka 14 mwenye miwani, Mikhail Botvinnik. Mvulana alimshinda bingwa wa dunia. Mwaka 1948 Botvinnik akawa bingwa wa dunia yeye mwenyewe.

Weka hilo akilini, kwa sababu sasa tunafika mahali pachungu.

Mwaka 1922 Capablanca alikuwa ameongoza kuandikwa kwa masharti mapya ya kuwania taji. Moja lilisema anayetaka kumkabili bingwa alete kwanza dola 10,000 za Marekani. Kwa wakati ule hizo zilikuwa pesa ndefu, na wachezaji wengi wazuri walibaki mlangoni. Aliyefanikiwa kuingia ni Alexander Alekhine, Mrusi aliyehamia Ufaransa. Waargentina walikubali kugharamia pambano, likapangwa Buenos Aires, Septemba 1927.

Hakuna aliyempa Alekhine nafasi. Hakuwahi kumshinda Capablanca hata mara moja. Miezi michache kabla, Capablanca alikuwa ameongoza mashindano ya New York huku Alekhine akimaliza nyuma yake. Bingwa alikwenda Argentina kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo wake posta.

Mwenzake alifanya nini? Alikaa chini akatazama. Alichukua michezo ya Capablanca, mmoja baada ya mwingine, akaipitia hatua kwa hatua. Alitafuta pale ambapo mashine inaridhika mapema, pale ambapo inacheza kwa mazoea badala ya kufikiri. Mtoto wa Havana alikuwa amemwona baba yake akikosea farasi. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akitazamwa.

Pambano lilikuwa la anayetangulia kushinda michezo sita, na sare hazikuhesabiwa. Alekhine alishinda mchezo wa kwanza tu, dunia ikashika mdomo. Wiki zikapita, mwezi ukapita, wa pili ukapita. Michezo 34! Sare zilikuwa 25. Shabiki wa London au Berlin hakuwa na simu ya kumwonyesha kete zikisogea. Hatua zilisafiri kwa telegrafu, gazeti likazichapa, naye akapanga kete kwenye ubao wake mezani na kuumiza kichwa hadi gazeti linalofuata. Mwisho wa Novemba, mchezo wa 34 ulikatizwa ili uendelee siku nyingine, Alekhine akiwa na nafasi bora. Capablanca hakurudi ukumbini. Alituma barua ya kukubali kushindwa. Matokeo: sita kwa matatu.

Usifikiri kipaji kilikuwa kimekwisha. Kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni kile alichokuwa nacho akiwa na miaka minne, yaani kumtazama aliye mbele yako kana kwamba humjui.

Kilichofuata ndicho kinachouma zaidi. Capablanca alitaka marudiano, na Alekhine akamjibu kwa masharti yaleyale ya 1922: lete dola 10,000. Uchumi wa dunia ukaporomoka mwaka 1929, pesa zikaadimika, mazungumzo yakageuka ugomvi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Alekhine alitetea taji lake mara mbili dhidi ya mtu mwingine. Capablanca aliendelea kungoja, na umri ukaendelea kusonga.

Hata hivyo hakukaa akinung'unika tu. Mwaka 1936, akiwa na miaka 47, alishinda mashindano ya Moscow peke yake, kisha kule Nottingham, Uingereza, akafungana kileleni na Botvinnik, yule mvulana wa Leningrad. Humo Nottingham alikutana na Alekhine ubaoni, akamshinda. Ulikuwa mchezo mmoja tu, na taji halikuwa mezani. Presha ya damu ilikuwa imeanza kumsumbua. Mwaka 1939 aliiongoza Cuba kwenye mashindano ya mataifa, kulekule Buenos Aires, akatwaa dhahabu ya ubao wa kwanza.

Jioni ya Machi 7, 1942, alikuwa Manhattan Chess Club, klabu ile ya ujana wake. Hakuwa akicheza. Alikuwa amesimama na wengine akitazama mchezo wa kawaida tu, usio na kombe wala pesa. Ghafla akaomba asaidiwe kuvua koti, akaanguka. Alikimbizwa hospitali ya Mount Sinai, na asubuhi ya Machi 8 akafariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 53. Lasker, aliyemvua taji, alikuwa amefia hospitali hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Capablanca alirudishwa Havana kuzikwa. Marudiano hayakufanyika kamwe.

Kwa hivyo, ukiulizwa tena kutazama chesi kuna faida gani, una majibu mawili. La kwanza ni Capablanca. La pili ni Gukesh mwenyewe. Mwaka 2013, akiwa na miaka saba, alikuwa miongoni mwa watazamaji mjini Chennai wakati Viswanathan Anand alipokuwa akipokonywa taji na Magnus Carlsen. Miaka 11 baadaye, akiwa na miaka 18, akawa bingwa mdogo zaidi wa dunia kuwahi kutokea.

Ila kutazama kuna namna yake. Kumbuka mchezo wa 14 wa Singapore. Ulikuwa unaelekea sare. Ding akasogeza ngome yake mahali pabaya, na ule mstari wa kompyuta pembeni ya skrini ukaanguka mara moja. Wote tukajua amekwisha. Lakini tulijua kwa sababu mashine ilituambia. Ungeulizwa kwa nini, ungejibu nini? Jibu ni kwamba kete kubwa zote zingebadilishwa, wangebaki wafalme na askari, na Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi. Hilo ni somo ambalo Capablanca alilisisitiza katika kitabu chake cha 1921, Chess Fundamentals: anza kujifunza kete zikiwa chache, ndipo uzielewe zikiwa nyingi.

Mechi kubwa ijayo, jaribu hivi. Funika ule mstari wa kompyuta, hata kwa kidole. Kabla mchezaji hajasogeza, chagua wewe hatua yako na uiandike kwenye karatasi. Akishasogeza, linganisha. Ukikosea mara 30 na kupatia mara 10, umepata elimu kuliko aliyetazama mstari ukipanda na kushuka siku nzima. Halafu ukimaliza, cheza. Lichess ni bure na haina matangazo. Bando likiisha, ubao wa drafti wa miraba 64 unatosha. Chukua vizibo 32, viandike kwa kalamu nani mfalme na nani farasi, na umwite mmoja wa wale waliokucheka.

Ila akiketi, usimdharau. Umeona yaliyompata Capablanca.