Von Götzen, rupia na tembo ya dhahabu

Kule Ulaya, watu wenye kukusanya makuta ya zamani wanagombania kipande kimoja cha dhahabu: rupia 15, tembo upande mmoja, tai ya Wajerumani upande wa pili. Kinatoka katika koloni yenye iliongozwa na mtu mwenye alikanyaga udongo wetu.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa 1866 katika ukoo wa wakubwa kule Silesia, akakuwa ofisa wa jeshi. Mwisho wa 1893 alitoka Pangani, pwani ya Tanzania ya leo, pamoja na mamia ya wapagazi. Katika 1894 alikutana na mwami Rwabugiri kule Rwanda, akapanda Nyiragongo, akafika ziwa Kivu, kisha akaingia msitu wa upande wa Masisi na Walikale mpaka akatokea kwenye mto Congo. Alipita juu ya dhahabu na coltan bila kujua, na mizigo ilibebwa na wengine.

1901 akawekwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wakati wake, 1904, rupia ilianza kugawanywa kwa heller 100. Mbele ilikuwa pesa 64. Kodi ilitakiwa, na huko kusini watu walilazimishwa kulima pamba. 1905 vita ya Maji Maji ikalipuka. Askari wake walichoma mashamba na ghala za chakula, na njaa njo iliua wengi. Wanahistoria wanahesabu wafu kutoka 75.000 mpaka 300.000. Wengine wanamuita mtembezi shujaa. Sisi hatuwezi kusahau ile hesabu.

Alirudi kwao 1906, akafa 1910 na miaka 44. Mashua yenye ilipewa jina lake katika Tanganyika leo inaitwa Liemba.

Ile tembo alikufa bila kuiona. Ni katika 1916, njia ya bahari ilifungwa, makuta zikakosa, njo Wajerumani wakayeyusha dhahabu ya Sekenke na kutengeneza vipande 16.000 hivi kule Tabora. Mwezi wa tisa, mwaka ule ule, askari wa Force Publique, watoto wa Congo, wakaingia Tabora.

Kila kipande kina gramu 7 na kidogo. Mchimbaji wa Walikale akileta uzito ule, analipwa gramu tu, na muuzaji ndiye anashika mizani. Mkusanyaji wa Ulaya yeye analipa dhahabu, na juu yake mara kadhaa tena kwa sababu ya tembo.